Kung'oa Mnara Peke Yake Hakugeuzi Kifaru Kuwa Gari la Askari

Wiki hii nimeandikiwa tena kwamba jeshi likiteka kifaru, kazi iliyobaki ni kung'oa mnara wa mzinga na kupanga mabenchi, na gari la kubebea askari limepatikana. Nimeshughulika na magari ya minyororo kwa miaka mingi, na kauli hiyo imenichosha, kwa sababu inaliruka swali gumu kuliko yote: askari watashukia wapi?

Mizinga haina shida hiyo. Wajerumani walipoishinda Ufaransa mwaka 1940 waliving'oa minara vifaru vingi vya Renault R35. Baadhi ya minara ikapachikwa kwenye ngome za pwani ya Atlantiki, na bodi zikawa matrekta ya kukokota mizinga. Trekta halihitaji mlango wa nyuma. Askari wa miguu anauhitaji, na nyuma ya kifaru, karibu kila mara, pamekaliwa na injini. Wakanada walikutana na tatizo hilo Normandy, Agosti 1944: Kangaroo zao za kwanza (ndivyo walivyoyaita magari yao ya kubebea askari), ambazo hazikuwa za kutekwa bali mizinga yao wenyewe ya kujiendesha iliyotolewa mitutu, ziliwakinga askari njiani, lakini kushuka kulikuwa kwa kuruka ukingo wa juu, mbele ya macho ya adui.

Ndiyo maana naliheshimu Achzarit, gari la kubebea askari ambalo Waisraeli walilitengeneza kutokana na vifaru vya Kirusi vya T-54 na T-55 walivyoviteka kwa majeshi ya Kiarabu. Injini ya Kirusi ya silinda 12 iliondolewa, ikafungwa ya Kimarekani ya silinda 8 yenye nguvu za farasi 650, ikasogezwa kushoto pamoja na giaboksi yake, ili kulia ipatikane njia hadi kwenye mlango wa nyuma. Kazi yote imo humo. Mnara ni jambo la krini na siku moja.

Wala gari halikuwa jepesi. T-55 ina tani 36, Achzarit tani 44, kwa kuwa uzito wa mnara ulirudi, tena kwa ziada, kama deraya. Tani 44 kwa abiria 7 hunifanya nisite, ingawa walioziona M113, magari mepesi ya alumini ya kubebea askari, zikitobolewa Lebanon mwaka 1982 hawakusita. Shaka yangu kubwa ni ile njia yenyewe, ambayo ni nyembamba: wa kwanza akijeruhiwa ndani yake, sita walio nyuma watalazimika kutokea juu, kama Wakanada.