Mfuatano wa mwendo: kwa nini swingi ya gofu huanzia miguuni

Mcheza gofu Rory McIlroy ana urefu wa kama mita 1.75. Si pandikizi la mtu, na bado dreva yake, ile fimbo ya kupigia mpira wa mbali, huupeleka mpira mbali kuliko za wanaume wengi waliomzidi kimo na misuli. Siri yake haiko mikononi. Iko katika kile wataalamu wa mwendo wa mwili wanachokiita mfuatano wa mwendo, yaani utaratibu wa kiungo gani kianze na kipi kifuate katika swingi (pigo la fimbo), pale fimbo inaporudi kuufuata mpira.

Nyonga hutangulia, kifua hufuata, halafu mikono, na fimbo huja mwisho. Kila sehemu ikishafikia kasi yake ya juu hupunguza mwendo, na kasi hiyo hurithiwa na sehemu inayofuata, iliyo nyepesi zaidi. Hapa ndipo wengi wanapotea. Wanadhani kila kiungo kiendelee kukazana hadi mwisho, kumbe nyonga zisipofunga breki, kifua hakipokei kitu. Aliyewahi kuwinga ndege kwa teo kwenye shamba la mpunga analijua hili kwa mwili wake: mkono ukikatisha mwendo ghafla, ndipo teo hupiga kwa nguvu. Kwa wachezaji wa kulipwa, nyonga huzunguka kwa takribani nyuzi 450 kwa sekunde, ilhali fimbo hupita nyuzi 2000.

Fimbo hushuka kwa muda wa kama robo sekunde. Hakuna anayeweza kujiambia "sasa nyonga, sasa kifua" katika muda huo, kwa hiyo kazi hutayarishwa wakati fimbo inapanda. Mabega huzunguka karibu nyuzi 90 na nyonga takribani nusu ya hapo, hivyo misuli ya kiuno huvutika kama mpira wa manati. Kisha hutokea jambo ambalo mimi naliona ndilo zuri kuliko yote katika gofu: fimbo ikiwa bado inakwenda nyuma, uzito umeshaanza kuhamia mguu wa mbele, ulio upande wa shabaha, na nyonga zimeshaanza kurudi. Goti la mbele hunyooka, mguu hukanyaga ardhi kwa nguvu, na ardhi nayo hujibu. Mtazame Justin Thomas, mchezaji wa kulipwa, anapogonga mpira, utaona visigino vyake vimeinuka.

Mabega yakiwahi kuliko nyonga, fimbo hutoka nje ya njia yake na kuukata mpira kuelekea ndani. Kwa anayecheza kwa mkono wa kulia, mara nyingi mpira hupindia kulia, ile slaisi inayowatesa wanaoanza. Vifundo vya mikono vikifunguka mapema, fimbo humaliza kasi yake kabla ya kufika kwenye mpira.

Mwili wenyewe pia una mipaka yake. Anayeshinda kwenye kiti cha ofisi hukaza nyonga, na mzunguko ambao nyonga zimeukataa huhamia mgongo wa chini, ambao maungo yake hayakuumbwa kuzunguka sana. Maumivu ya mgongo ni ya kawaida mno kwa wachezaji wa gofu. Ndiyo maana sipendi ushauri wa "usiinue kichwa kabisa": anayeushika sana huzuia kifua kuzunguka, na mgongo ndio unaolipa.

Ukitaka kuusikia mfuatano huu mwilini, chukua chuma namba 7 (fimbo ya gofu yenye kichwa cha chuma) bila mpira. Simama miguu ikiwa pamoja, peleka fimbo nyuma, na kabla haijafika mwisho piga hatua kuelekea shabaha kwa mguu wa mbele, kisha achia. Sikiliza mvumo wa fimbo. Unapaswa kuvuma pale mpira ungekuwepo au mbele yake kidogo. Ukivuma fimbo ingali karibu na bega lako la nyuma, mikono imetangulia. Rudia, na safari hii usubiri mguu ukanyage kwanza.