Riwaya za nyakati mbili kuhusu wahamaji wa Ireland: dhana potofu na ukweli

Riwaya za aina hii hufuata mkondo uleule: bibi anapanda meli kwenda Marekani, na miaka mingi baadaye mjukuu anafukua makaratasi akitafuta siri aliyoificha. Hapo ndipo waandishi wengi huteleza: mjukuu hupewa karatasi ambazo hazikuwahi kuwepo.

Dhana: karani wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, alibadilisha jina la ukoo.
Karani hakubuni majina. Alihakiki orodha ya abiria iliyokwisha kujazwa bandari ya kuondokea. Jina likibadilika, kwa kawaida mwenyewe alilibadili baadaye, na kwa mtunzi hilo ni tamu zaidi, maana abadilishaye jina kwa hiari ana sababu yake. Tena kituo hicho kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Mhusika aliyekimbia njaa mwaka 1847 hakukipitia. Hata Castle Garden, kituo kilichotangulia, kilianza 1855.

Dhana: wote walikimbia njaa.
Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852, iliyoletwa na ugonjwa wa viazi ambao wakulima wetu huuita baka jani, iliua watu wapatao milioni 1 na kuhamisha wengine zaidi ya milioni 1. Lakini safari hazikukoma. Mwishoni mwa karne ya 19 karibu nusu ya waliohama walikuwa wanawake, wengi wasichana wasioolewa waliokwenda kufanya kazi za ndani Boston na New York, kisha wakatuma nauli ya mdogo mtu. Hao walisafiri kwa meli za mvuke; "meli za majeneza", zile zilizojaa kupita kiasi na kufiwa na abiria wengi njiani, ni za miaka ya njaa. Na angalia muhuri wa posta: tangu 1849 hadi 1920 Cobh, bandari ya Ireland waliyoondokea wahamaji wengi, iliitwa Queenstown.

Dhana: moto wa 1922 uliteketeza kila kitu.
Moto wa Four Courts, majengo ya mahakama ya Dublin yaliyohifadhi pia nyaraka za taifa, uliunguza sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851. Za 1861 hadi 1891 hazikuungua. Serikali yenyewe iliziharibu. Sensa za 1901 na 1911 zipo, bure mtandaoni. Vitabu vingi vya ubatizo vya Wakatoliki vilinusurika kwa sababu vilikaa parokiani, na usajili wa watoto wote wanaozaliwa ulianza 1864.

Kwa hiyo mjukuu aanzie Marekani: cheti cha kifo, hati ya uraia, kitabu cha ndoa cha kanisa. Anatafuta jina la parokia. Akiwa na jina la kaunti tu, kama "Cork", atazama katika akina Mary Murphy wasiohesabika. Asishangae pia bibi wa miaka 58 mwaka 1901 kuwa na 71 mwaka 1911: sheria ya 1908 ilileta pensheni kwa waliotimiza miaka 70, na wazee wengi wakazeeka ghafla.

Dhana: cheti cha kuasili kitafichua mtoto aliyetolewa.
Hakitafichua, ikiwa mtoto alizaliwa 1930. Sheria ya Ireland ya kuasili watoto ilipitishwa 1952; kabla ya hapo watoto walilelewa na wengine bila hati hiyo, au wakaandikishwa kama wa kuzaa. Na tangu sheria ya 2022, aliyeasiliwa ana haki ya kupewa cheti chake cha kuzaliwa, hivyo mlango uliofungwa ofisini, uliozoeleka riwayani, haufai tena kwa mjukuu anayetafuta leo cheti chake mwenyewe.