Pointi za gemu sio nafuu ya ugonjwa

Jamani nimechoka na hili swali la familia za wagonjwa wangu, "fizio, tununue gemu gani ya mazoezi?", ati kama Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo, ni homa na gemu ni Panadol. Juzi tena kijana kaniletea video kwa simu: babangu amefika levo ya juu kabisa, si ndio anapona? Naitazama. Mzee kakaa kitako kwenye kochi, kiwiko kimebana ubavuni, anachezesha kifundo cha mkono tu, na skrini inamsifu ni bingwa wa tenisi.

Pointi sio nafuu, wallahi. Watu wanajua kutetemeka tu, na kuna wagonjwa hawatetemeki kabisa. Kinachowamaliza ni mwendo kupungua ukubwa. Dopamini, ile kemikali ya ubongo inayosaidia kuendesha mwendo, ikishuka hatua inakuwa fupi, mkono haubembei, mwandiko unasinyaa, sauti inakwenda chini, na mwenyewe anaona yuko sawa tu, ukimwambia piga hatua kubwa anakuapia hii ndio kubwa. Sasa gemu inayompa zawadi kwa mwendo mdogo inamfundisha nini? Inamfundisha ugonjwa wake mwenyewe! Rimoti ya Wii, ile mashine ya gemu unayocheza kwa kupunga mkono, inasoma mtikisiko, haina habari kama umetoka begani au kwenye vidole, na mtu akishagundua hilo atakuwa mjinga akitumia bega? Kwa hivo mimi nabandika karatasi kwenye kona ya skrini pale pointi zinapotokea, halafu nabandika selotepu ya rangi sakafuni, kila hatua iuvuke mstari. Naangalia kisigino kama kinatangulia kugusa chini na kwapa kama linafunguka. Wananichukia kwa ile karatasi, sawa.

Na huo mstari sio mapambo. Ubongo wa Parkinson unashindwa kuanzisha ule mwendo wa mazoea, lakini ukimpa mtu kitu cha nje cha kufuata, mstari, mdundo, mpira unaokuja kwenye skrini, mara nyingi ubongo unapitia njia nyingine. Mtu aliyeganda mlangoni miguu imeshikana na sakafu anaweza kuvuka mguu wako ukiuweka mbele yake. Gemu nzuri inafanya kazi hiyo hiyo, basi.

Halafu kuna wanaonitajia utafiti wa Uholanzi wa 2019, ule wa baiskeli ya nyumbani yenye gemu. Utafiti mzuri, naupenda, lakini usomeni mpaka mwisho. Wale walikuwa wanapiga pedeli dakika 30 mpaka 45, mara tatu kwa wiki, miezi 6, moyo unakwenda mbio, na wenzao wa kundi la pili wananyoosha viungo tu. Hiyo nafuu ya mwili waliyoipata niipe gemu au niipe jasho? Cochrane, wale wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, nao 2016 walikusanya majaribio 8 ya gemu na skrini kwa Parkinson, watu 263 kwa jumla, wakakuta urefu wa hatua labda umezidi kiasi ukilinganisha na fizio ya kawaida, balansi ikawa sawa sawa tu, na ushahidi wenyewe ni hafifu.

Haraka haraka: cheza wakati dawa imeshika, sio saa imeisha. Mtu asimame nyuma ya mgonjwa kidogo kwa ubavuni, asikae kwenye kiti anachat. Toa mkeka, vua kandambili. Anayeona vitu visivyokuwepo, au kizunguzungu kinamshika akisimama, aje tuzungumze kwanza.

Na kuna jambo linanisumbua. Mtu anaweza kucheza vizuri mno mbele ya TV, akifika kivuko cha Likoni, Mombasa, kwenye ile njia ya kuteremkia feri, watu wanasukumana, kondakta anaita, akaganda pale pale. Mwendo wa skrini unabaki kwenye skrini. Kuna wakati nashuku wanaoendelea vizuri kwangu ni wale wanaokuja na mjukuu, wanabishana, wanachekana, na mashine ni kisingizio tu cha kutoka nyumbani.

Ndio manake familia ikiniambia pesa ya gemu haipo siumii roho. Mpelekeni Mama Ngina, pale kando ya bahari Mombasa, akatembee hatua kubwa, mmoja pembeni anamhesabia kwa sauti moja, mbili, moja, mbili. Jioni ya wikendi pale kunajaa, bora asubuhi, dozi ya kwanza ikishashika.