Lubumbashi si migodi tu

"Lubumbashi? Vumbi na shaba, basi." Niliambiwa hivyo nilipohama kutoka Bukavu, na mwaka mzima nikaamini. Kweli, mji ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, ukaitwa Élisabethville hadi 1966, na bomba refu la moshi bado limesimama kando ya mlima mweusi wa mabaki ya madini. Lakini njoo Oktoba, mvua ikikaribia: mijakaranda inachanua, barabara inageuka zambarau, na mama muuza bukari (ugali) mtaani kwetu anafagia maua kabla ya kuwasha makaa. Na sanaa je? Mpiga picha Sammy Baloji ni mzaliwa wa hapa. Yeye na wenzake walianzisha maonyesho ya sanaa yaitwayo Picha mwaka 2008.