Miaka Mitano Si Amri ya Mbinguni: Dhana Potofu Kuhusu Muda wa Uchaguzi

Wapo wanaoamini kwamba nchi hii ya Tanzania imepiga kura kila baada ya miaka mitano tangu siasa zilipoanza. Mtu wa Tabora hana udhuru wa kuamini hivyo, kwa kuwa ni katika mji huu, Januari 1958, mkutano wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ulipofikia Uamuzi wa Busara, yaani kukubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Uchaguzi huo ulifanyika kwa awamu mbili, mwaka 1958 na 1959. Ukafuatwa na mwingine mwaka 1960, kisha ule wa Rais mwaka 1962. Mwendo wa miaka mitano unahesabiwa tangu 1965.

Wengine husema kwamba uchaguzi ukifanyika mara nyingi zaidi, wananchi huwa na nguvu zaidi. Marekani huchagua Baraza lake la Wawakilishi kila baada ya miaka 2, na matokeo yake mjumbe huapishwa huku tayari akiwaza fedha za kampeni ijayo. Wala hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima: Ufaransa, kwa kura ya maoni ya mwaka 2000, ilipunguza kipindi cha Rais kutoka miaka 7 hadi 5, ilhali majirani zetu wa Burundi walifanya kinyume chake mwaka 2018. Kwa maoni yangu, miaka miwili haitoshi hata kumpima diwani kwa barabara moja, hasa huku kwetu ambako mvua husimamisha kazi nyingi tangu Novemba hadi Aprili.

Kwamba Rais anaweza kuahirisha uchaguzi apendavyo, hilo nalo si kweli: Katiba inaruhusu kipindi chake kuongezwa wakati wa vita tu, kwa azimio la Bunge, na kwa muda usiozidi miezi sita kila mara.

Dhana iliyo ngumu zaidi kung'oka ni kwamba kura ni ya Oktoba peke yake, ile ya Rais, wabunge na madiwani. Wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa huchaguliwa mwaka mmoja kabla, kama ilivyokuwa 2019 na 2024. Hivyo mkazi wa Sikonge hupiga kura mara mbili ndani ya takriban mwaka mmoja, kisha hukaa karibu miaka minne bila kura nyingine, isipokuwa utokee uchaguzi mdogo. Kama ingekuwa shauri langu, ningeacha ile mitano ilivyo, nikausogeza uchaguzi wa vijiji hadi katikati yake.