Kiota cha nyigu wa udongo, chumba kwa chumba

Mabonge ya udongo yanayoota kwenye ukuta wa baraza au nyuma ya fremu ya picha huonwa na wengi kuwa uchafu, na ufagio huyamaliza. Mimi huyabandua kwa kisu chembamba na kupasua chumba kimoja kimoja, kwa kuwa ndani yake kazi yote ya Sceliphron spirifex, nyigu mweusi mwenye miguu ya manjano na kiuno kama uzi, imehifadhiwa kwa mpangilio.

Nyigu huyu hana malkia wala kundi la kulinda, na ndiyo maana ni nadra sana kumchoma mtu. Jike hujenga peke yake: hutua kando ya dimbwi au chini ya bomba linalovuja, hukwangua tope kwa taya huku akivuma, hulifinyanga kuwa kitonge na kuruka nacho. Chumba kikikamilika huanza kuwinda buibui, ambao hawaui. Sumu ya mwiba wake huwapoozesha tu, wakabaki hai bila kuoza wala kukimbia. Katika chumba nilichopasua mara ya mwisho nilihesabu buibui 14, na nilipomgusa mmoja kwa sindano, ncha ya mguu wake ilitikisika. Juu ya tumbo la mwingine, aliyelazwa chini kabisa, palikuwa na yai jeupe lililopinda, dogo kuliko punje ya mchele. Buu likianguliwa hula akiba hiyo yote, kisha hujisokotea kifukofuko.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi kila hatua inavyoita inayofuata. Jean-Henri Fabre, mtaalamu wa wadudu aliyemchunguza nyigu wa aina hiihii kusini mwa Ufaransa katika karne ya 19, alimwondoa buibui wa kwanza pamoja na yai lake, akaendelea kumwondoa kila aliyeletwa baadaye. Nyigu hakuacha kuleta, na mwishowe akakiziba chumba kitupu. Fabre alipokibandua kiota kizima, mjenzi aliendelea kupaka udongo kwenye ukuta mtupu. Fabre aliona hapo upofu wa silika, hukumu ambayo naiona kali kidogo: mama huyuhuyu hukumbuka njia ya kwenda dimbwini na kurudi kwenye chumba kilekile mara nyingi kwa siku, na huamua jinsia ya mtoto, kwani yai lililorutubishwa huwa jike na lisilorutubishwa huwa dume.

Hata hivyo udongo si kinga kamili. Kwenye kiota kile cha mwisho vyumba viwili vilikuwa na tundu la duara, dalili kwamba wenyewe walikwisha kutoka. Cha tatu kilikuwa kizima, lakini nilipokifungua nilimkuta Stilbum cyanurum, nyigu wa kijani na buluu anayemeta kama kioo, ambaye hutaga ndani ya viota vya wenzake.