Je, wajua kwa nini tovuti nzito husukumwa nyuma kwenye Google?

Mjomba wangu ana nyumba ya wageni Shela, kama kilomita 3 kutoka mji wa Lamu. Juzi aliniita barazani, simu mkononi, uso umemkunjika. Mtu akitafuta malazi ya Shela kwenye Google, nyumba yake huonekana kule chini kabisa, nyuma ya nyumba ambazo, kwa maneno yake, hata makuti yavuja. Nikamwambia tovuti yake inachelewa kufunguka. Akaibonyeza, ikafunguka papo hapo.

“Kwangu mbona yafunguka?”

Ilifunguka kwa sababu simu yake ilikwisha kuzihifadhi picha zile zamani. Haikuwa ikizivuta tena kutoka kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza tovuti. Nikaifungua kwenye simu yangu, ambayo haikuwahi kuingia humo. Jina la nyumba likatokea, chini yake weupe mtupu. Nilihesabu kimoyomoyo hadi kumi na mbili ndipo picha ya darini ikajitokeza, jua likizama nyuma ya majahazi. Picha nzuri kweli, ila ilikuwa na megabaiti 6, kama ilivyotoka kwenye kamera. Kila baiti ni biti 8, kwa hiyo hizo ni megabiti 48. Kwenye mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde, hesabu yake ni sekunde 12. Ni kama punda aliyebeba mawe kwenye kichochoro: piga simile utakavyo, wa nyuma atangoja.

Google ilitangaza mwaka 2010 kwamba kasi ya tovuti imeingia katika vigezo vyake vya kupanga matokeo. Mwaka 2015 ikaanza kuzipendelea kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu, na mwaka 2018 kasi ikahesabiwa pia katika utafutaji wa simu. Tangu 2021 inatumia vipimo vitatu. Kile kitu kikubwa zaidi kinachoonekana kwenye kioo kinatakiwa kitokee ndani ya sekunde 2.5. Ukibonyeza, ukurasa uitike ndani ya milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde (kipimo hiki kilibadilishwa Machi 2024, cha awali kilikuwa kilegevu). Cha tatu ni utulivu: vitu visirukeruke wakati ukurasa unajaa.

Hicho cha tatu ndicho kilichonichekesha kwa mjomba. Nilikuwa nakigusa kitufe cha “Weka nafasi”, picha ikaingia ghafla, kitufe kikashuka, kidole changu kikaangukia ramani. Fundi wake hakuandika vipimo vya picha, kwa hiyo kivinjari, yaani programu inayofungua tovuti, hakikujua kiiachie nafasi kiasi gani. Ni mistari michache tu ya kurekebisha.

Sasa, vipimo hivyo Google haivichukui kwenye simu ya mwenye nyumba. Huvikusanya kwa watu wanaotumia Chrome, kivinjari cha Google, walioruhusu takwimu zao zitumwe, ikitazama siku 28 zilizopita, na hutaka angalau ziara 75 katika kila 100 zifikie kiwango. Ndiyo maana ukirekebisha leo, alama hazibadiliki kesho.

Lakini mjomba asije akadhani kasi pekee itampandisha. Google yenyewe husema kinachotangulia ni kama ukurasa unajibu alichouliza mtu. Kasi huwa na uzito zaidi pale kurasa kadhaa zinapokaribiana kwa ubora. Na ukurasa wake, nikawa sina budi kumwambia, haukutaja popote ni vyumba vingapi wala mgeni akitua kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa cha Manda anavukaje. Hili lilimuuma kuliko zile sekunde.

Tuliipunguza picha hadi kilobaiti 200. Kwa mtandao uleule hiyo ni chini ya nusu sekunde. Zile za chini tukaziacha zisubiri mpaka mtu ashuke kuzitazama. Maelezo ya vyumba na boti aliyaandika mwenyewe, usiku kucha.

Siku hizi haipimi tena kwa simu yake. Mgeni akishuka tu kwenye boti, hata mkoba haujafika nchi kavu, mjomba kesha mwomba simu.